Mazabodi ya zamani isihukumiwe kwa umri wake tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji, maana hili jambo limenikaa rohoni tangu nisome ile makala yenu iliyosema kwamba ukitaka prosesa mpya (ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) basi na mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa hiyo) lazima ununue mpya, eti bodi ikishapita miaka mitatu minne haiwezi tena kubeba prosesa zinazokuja. Si kweli. Au niseme vizuri, ni kweli kwa baadhi ya bodi na kwa nyingine ni uongo kabisa, na msomaji hana namna ya kujua ya kwake iko upande gani. Atatoa hela anunue bodi ambayo pengine hakuihitaji, au atanunua prosesa aipachike kwenye bodi isiyoijua alafu akae anaangalia kioo cheusi.

Nitoe mfano ambao nimeushika kwa mikono yangu. Mimi na mwenzangu wa kazini tulijenga kompyuta mwaka mmoja, 2017. Yeye alichukua Intel, mazabodi ya Z270 na prosesa ya Core i5-7600K, mimi nikachukua AMD, mazabodi ya B350 na prosesa ya Ryzen 5 1600. Bodi zina umri uleule kabisa. Ikafika habari ya Windows 10 kuachwa bila apdeti, Oktoba 14, 2025, na Windows 11 ina orodha yake ya prosesa inazozikubali ambayo kwa kawaida kwa Intel inaanzia kizazi cha 8 na kwa AMD inaanzia Ryzen 2000. Ya mwenzangu kizazi cha 7, ya kwangu Ryzen 1000, yaani wote wawili tumebaki nje ya mlango kwa hatua moja tu. Tukaenda kwa fundi, akatupa jibu moja wote, bodi za zamani hizi, wekeni pembeni mnunue mpya.

Kwa mwenzangu alisema kweli. Kwangu alikosea, na kukosea kwake ndo kumenifanya niandike, kwa sababu ni kosa lilelile la makala yenu: aliangalia mwaka, hakuangalia soketi (pale prosesa inapokaa kwenye bodi), chipseti (chipu ya bodi inayoongoza mawasiliano yake, na Z270 na B350 ndo majina ya hizo chipseti) wala baiosi (programu ndogo ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta).

Nianze na ya mwenzangu maana inauma zaidi. Z270 ilitoka Januari 2017 ikiwa na soketi ya LGA 1151. Oktoba ya mwaka huohuo Intel wakatoa prosesa za kizazi cha 8, soketi jina lilelile, pini zilezile 1151, ukiipachika inakaa vizuri tu, ila haiwaki. Walikuwa wamepanga upya kazi za baadhi ya pini, wakaongeza zinazobeba umeme kwa sababu prosesa mpya zilikuwa na kori nyingi (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), wakasema hizi zinataka bodi za Z370. Mtu aliyenunua Z270 mwezi wa tisa, mwezi wa kumi tayari njia imefungwa mbele yake. Baadaye wakatokea watundu wakabadilisha baiosi, wakaziba pini kadhaa kwa tepu, na prosesa za kizazi cha 8 zikawaka kwenye bodi za Z170 na Z270. Simshauri mtu mwenye kompyuta ya kazi afanye hivo, unaweza kuunguza kila kitu, lakini ukishaona imewezekana unaelewa kwamba sehemu ya kile kizuizi ilikuwa uamuzi wa kampuni na siyo bodi kushindwa.

Sasa ya kwangu. Ryzen za kwanza zilitoka 2017 kwenye soketi ya AM4, na AMD waliahidi soketi hiyo wataiendeleza mpaka 2020. Watu wengi tulinunua kwa ajili ya hiyo ahadi, mimi mmojawapo, nilijiambia nachukua prosesa ya kawaida sasa hivi alafu miaka mitatu mbele nabadilisha prosesa peke yake. Mei 2020 wakatangaza kwamba Ryzen zinazofuata, zile za usanifu wa Zen 3, zitakubali bodi za X570 na B550 tu. Sababu waliyotoa ni kwamba chipu inayohifadhi baiosi kwenye bodi nyingi za zamani ina megabaiti 16 tu na haitoshi kubeba maelezo ya prosesa zote za tangu mwanzo. Wateja walipiga kelele sana, na kabla mwezi huohuo haujaisha kampuni ikarudi nyuma ikasema X470 na B450 nazo zitapata. Sisi wa B350, X370 na A320 tukaendelea kukaa nje mpaka Machi 2022 ndo na sisi tukafunguliwa rasmi. Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hii: bodi ya 2017 ikaja kupokea Ryzen 5 5600, mojawapo ya hizo za Zen 3, iliyotoka Aprili 2022, miaka mitano baadaye, soketi ileile, chuma kilekile, hakuna kilichoongezwa kwenye bodi zaidi ya baiosi mpya.

Naomba wasomaji wakae na hilo kidogo. Mei 2020 jibu la kampuni kwa swali la je bodi yangu itakubali prosesa ijayo lilikuwa hapana, na wiki mbili baadaye kwa bodi za X470 na B450 jibu likawa ndiyo, na bodi haijabadilika hata skrubu moja. Hiyo habari ya megabaiti 16 haikuwa ya uongo, nafasi kweli ni ndogo, na watengenezaji wa bodi walilazimika kubana, wengine walipunguza picha na mapambo kwenye menyu ya baiosi, wengine wakaondoa prosesa za zamani kabisa ili zipya ziingie. Yaani dawa ilikuwepo, ilitaka mtu wa kuifanya, na iliwafanyisha kazi watu ambao bodi walishaiuza na hela walishapokea. Hapo ndipo penye mgogoro wenyewe, kampuni inafaidika nini kuihangaikia bodi iliyokwishauzwa?

Kwenye kubadilisha kwenyewe nieleze nilivyokosea maana naamini wengi wanakosea hapohapo na ndo chanzo cha bodi nzima kutupwa. Nilinunua Ryzen 5 5600, nikafika nyumbani na haraka zangu nikazima, nikafungua, nikatoa ya zamani nikaweka mpya, nikawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo hamna kitu. Nikazima nikawasha, nikachomoa ramu nikarudisha, hamna. Fundi akasema si nilikwambia bodi imekwisha. Kumbe baiosi iliyokuwa ndani ilikuwa ya 2018, na baiosi ya 2018 haiwezi kuijua prosesa ya 2022, inaikuta pale kwenye soketi ni kitu kigeni na haina maagizo ya kuiwasha. Mpangilio sahihi ni kuapdeti baiosi KWANZA, prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, uwashe uhakikishe inafanya kazi, alafu ndo unazima na kubadilisha. Nikarudisha ile 1600, ikawaka palepale kama haijawahi kuguswa.

Alafu ukiingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi usidake tu faili la juu kabisa. Soma maelezo. Kwenye ya kwangu iliandikwa kwamba kabla ya kuweka baiosi ya karibuni lazima kwanza upitie toleo fulani la katikati, ukiruka unaweza kukwama, na iliandikwa pia kwamba ukishapanda huwezi kurudi chini. Nikaweka la katikati, nikasubiri mpaka mwisho bila kugusa kitu, nikawasha, nikaweka la mwisho. Umeme ukikatika katikati ya hiyo shughuli bodi inaweza kufa kweli, kwa hiyo kama unayo betri ya kushikilia umeme itumie, na kama huna chagua saa ambayo una uhakika.

Jambo lingine la kwenye AM4 ambalo fundi mzoefu analijua ila mtu wa kawaida hajui: pini ziko kwenye prosesa, haziko kwenye bodi, na ile pesti ya joto inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki (chuma cha kutolea joto) ikikaa miaka inakauka inashika kama gundi. Nilipovuta hitisinki juu kuitoa ile 1600, prosesa ikang'oka nayo kutoka kwenye soketi huku mkono wa soketi bado umefungwa. Nilisikia mlio mdogo nikaganda. Kugeuza, pini nne za pembeni zimelala. Nilikaa nazo karibu saa nzima chini ya taa, nikizinyanyua moja moja kwa ubavu wa wembe, kidogo kidogo, maana ukilazimisha inakatika na ikikatika basi. Zikasimama, ikaingia bila kusukumwa. Tangu siku hiyo kabla ya kutoa hitisinki naiwasha kompyuta kwanza ifanye kazi dakika kumi hivi ipate joto, pesti ilainike, alafu nazima na kuizungusha hitisinki kushoto kulia polepole kabla ya kuinyanyua. Kwa Intel za miaka hii na kwa AM5 (soketi ya AMD iliyofuata AM4) pini ziko kwenye soketi ya bodi, prosesa haing'oki hivo, ila ukiangusha kitu juu ya zile pini umeharibu bodi yenyewe.

Mwisho wa yote 5600 imewaka kwenye B350, nikaingia kwenye baiosi nikawasha TPM (kile kipengele cha usalama ambacho Windows 11 inakidai), Windows 11 ikakubali bila ujanja wowote. Bodi ambayo ilishatajwa kuwa takataka.

Sitaki mtu asome hapa aondoke akidhani kila bodi ya AM4 inabeba chochote. Kuna suala la umeme. Prosesa haili umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai, kuna saketi kwenye bodi karibu na soketi inayoushusha na kuusafisha, na kwenye bodi za bei ya chini saketi hiyo ni ndogo na haina hata kipande cha alumini cha kutolea joto. 5600 ni ya wati 65, haiisumbui. Lakini ukichukua Ryzen 9 5950X yenye kori 16, ambayo ikikazana inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 142, ukaiweka kwenye bodi ndogo ya A320, hata kama orodha inasema inakubali, saketi itachemka na prosesa itapunguza kasi kujiokoa, utakuwa umelipia kori ambazo huzitumii. Na kuna mambo ambayo bodi ya zamani haitakupa hata ufanyeje, mfano B350 kwenye nafasi ya kadi ya picha itabaki PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia ya data kati ya bodi na kadi) ingawa 5600 yenyewe inaijua 4.0 yenye kasi zaidi. Kwa kadi nyingi huoni tofauti ya maana. Ila kadi kama Radeon RX 6500 XT ambayo ina njia nne tu za data inaumia waziwazi kwenye 3.0, kwa hiyo mwenye bodi ya zamani aiepuke hiyo.

Laptopu sizungumzii. Nyingi za miaka hii prosesa imechomelewa kwenye bodi, hakuna cha kubadilisha.

Sasa hizi zinazokuja, ambazo ndo swali la watu wengi, mtu ananiuliza ninunue bodi leo nikitegemea prosesa ya miaka miwili ijayo? AMD walipoleta AM5 Septemba 2022 walisema wataiendeleza mpaka 2025 na zaidi, na 2024 wakasogeza wakasema mpaka 2027 na zaidi. Mpaka sasa wamelishika neno lao, bodi za mwanzo za X670 na B650 zimepokea Ryzen 7000, zikapokea 8000G za Januari 2024, zikapokea 9000 za Agosti 2024, kwa apdeti ya baiosi tu. Ila msomaji aangalie maneno kwa makini, ahadi ni ya SOKETI. Soketi kuendelea haina maana kwamba bodi yako wewe itaendelea, na tumeliona hilo kwenye AM4 mwaka 2020, soketi ilikuwa hai kabisa na bodi zetu zilikuwa zimeachwa nje.

Kwa Intel mazoea yamekuwa vizazi viwili kwa soketi, na LGA 1700 ikabahatika kupata vitatu, cha 12 mwaka 2021, cha 13 mwaka 2022 na cha 14 mwaka 2023, mwenye bodi ya Z690 ya 2021 aliweza kuweka prosesa ya Oktoba 2023 kwa baiosi tu. Alafu Oktoba 2024 prosesa za Core Ultra 200S zikaja na soketi nyingine kabisa, LGA 1851, hapo hakuna baiosi itakayokusaidia, hata kwa umbo haiingii. Na hata ndani ya soketi moja kuna mitego. Kwenye LGA 1200, prosesa za kizazi cha 11 zilikubali rasmi bodi za H470 na Z490 ila siyo H410 na B460, ambazo zilitoka mwaka mmoja nazo. Mtu wa dukani anakwambia soketi ni moja chukua tu, na kusema kweli hajakudanganya kuhusu soketi, ila ukifika nyumbani haiwaki.

Na ramu nayo. AM5 inatumia DDR5 tu (kizazi kipya cha ramu), kwa hiyo anayetoka AM4 anaacha na ramu zake zote za DDR4, kizazi kilichotangulia. LGA 1700 prosesa inakubali zote mbili lakini bodi imechongwa kwa moja, ile pengo ya kwenye ramu iko sehemu tofauti, haziingiliani, na watu wamenunua bodi ya DDR5 huku wana DDR4 mkononi wakidhani ni kosa la prosesa.

Ninavyomjibu anayeniuliza ni kwamba nunua bodi kwa ajili ya prosesa ambayo leo hii iko kwenye orodha ya mtengenezaji, kwa jina lake kamili na toleo la baiosi limeandikwa pembeni. Hiyo orodha ndo ushahidi, maneno ya muuzaji siyo, na tangazo la kampuni kuhusu miaka ijayo nalo siyo. Na ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua bodi yenye kitufe cha kuflashi baiosi bila prosesa, unachomeka flashi diski kwenye tundu lake maalumu nyuma, unabonyeza, taa inapepesa dakika kadhaa, imekwisha. Ningekuwa nacho hicho nisingehangaika na kurudisha 1600. Kampuni zenyewe zinajua shida hii ipo, mwaka 2018 AMD walifikia hatua ya kuwatumia wateja waliokwama prosesa ya kuazima ili waapdeti baiosi alafu wairudishe. Fikiria gharama ya kufanya hivo kwa mteja mmoja mmoja.

Ninachodai ni kitu kidogo tu na nadhani ni haki. Kwenye boksi la mazabodi iandikwe baiosi iliyomo ni toleo gani, inabeba prosesa zipi tangu kiwandani, zipi zinahitaji apdeti, na mtengenezaji anajifunga kutoa baiosi mpya mpaka mwaka gani. Haishindikani, maana AMD na watengenezaji walishawahi kubandika stika kwenye maboksi ya bodi za AM4 kuonyesha kwamba ziko tayari kwa Ryzen 3000. Kama stika ya kuuzia inapatikana, ya kujifunga nayo ipatikane. Chakula kina tarehe yake, dawa ina tarehe yake, bodi inayouzwa kwa maneno ya "ya kudumu" haina hata mstari mmoja. Na tusidhani ni mambo ya wapenda magemu peke yao, Umoja wa Mataifa katika ripoti yake ya taka za kielektroniki ya 2024 unasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Humo ndani zimo bodi ambazo zilikuwa zinasubiri faili la megabaiti 16.

Na kwenu gazetini, nawaomba mrudi kwenye ile makala mweke sawa. Mwenzangu wa Z270 aliisoma akaona fundi amethibitishwa, kwake haikudhuru, ameweka Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) na anaitumia kwa kazi zake za kuandika bila shida. Ila siku mbili baada ya gazeti kutoka kuna kijana aliniuliza kama nina mtu wa kumuuzia B450 yake kwa bei ya kutupa, ina Ryzen 5 2600 ndani, kasoma kwenu kwamba haina mbele. Nimemwambia asubiri, Jumamosi aje nayo na flashi diski.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.